Sarafu Mpya na Deni la Mashemeji



Mwezi uliopita, baada ya sala ya alasiri, walinijia barazani watu wawili ambao kwa muda wa miaka mitatu hawakupeana mkono. Wote wawili nimewasomesha Juzuu Amma chuoni kwangu walipokuwa watoto, na mmoja amemwoa dada wa mwenziwe. Majina yao nayasitiri. Huyu nitamwita Salim, na huyu nitamwita Juma, na bibi aliye baina yao, mke wa huyu na dada wa yule, nitamwita Mwanaidi. Salim anafanya kazi Maskati. Katika miaka hiyo mitatu alikuja likizo mara mbili, akapita mbele ya mlango wa dada yake wala asiingie. Sasa binti wa Mwanaidi amechumbiwa, na mama yake hakutaka akidi isomwe ilhali mjomba na baba hawasemezani. Ndiye yeye aliyewaleta.

Kisa chao ni hiki. Mvua za vuli za mwaka 2021 ziliikuta nyumba ya Juma paa lake limekwisha kuoza. Juma akaomba mkopo kwa shemeji yake, na Salim, Mungu amjazi kheri, hakukataa. Lakini hakutuma fedha kwa benki wala kwa wakala, kwa kuwa alichoshwa na ada zao. Alituma kwa ile sarafu mpya ya kwenye kompyuta iitwayo Bitcoin. Alimpelekea sehemu moja katika thelathini ya sarafu moja. Siku hiyo, mwezi wa Novemba, Bitcoin moja ilikuwa yapata dola 60,000 za Marekani. Basi kile kipande kilikuwa dola 2,000. Juma akakiuza siku ile ile, akapata shilingi, akanunua bati na mbao, akaezeka.

Mwaka ukapita. Novemba 2022 Bitcoin ilikuwa imeanguka mpaka kiasi cha dola 16,500. Juma akasema, “Ulinipa kipande cha Bitcoin, nami nakurudishia kipande kile kile.” Kipande kile sasa kilikuwa dola 550 tu. Salim akaghadhibika, akasema, “Mimi nilikupa dola 2,000, nataka dola zangu.” Wakaachana kwa maneno mabaya. Tena mwezi wa Desemba 2024 Bitcoin ikapanda ikapita dola 100,000, na kipande kile kikawa kimepita dola 3,300. Hapo Salim akaleta ujumbe, “Sawasawa, shemeji, nimekubali kauli yako. Nirudishie kipande changu.” Naye Juma akajibu, “Hapana, ulisema mwenyewe kuwa ni dola 2,000.”

Msomaji, usicheke haraka. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wamesema kwamba kitu chenye mfano kikikopeshwa hurudishwa mfano wake, ikiwa bei yake imepanda au imeshuka. Juma aliishika kauli hii mwaka 2022, na Salim akaishika mwaka 2024. Kila mmoja aliipenda sheria siku ile ilipompendelea. Mimi si kadhi wala si mufti. Ni mwalimu wa watoto. Lakini nilipokuwa nikiwasikiliza niliona kwamba katika ugomvi wao mna swali ambalo vijana wengi huniuliza: Je, hii Bitcoin ni fedha, au ni kitu cha kubahatishia tu? Nataka kulijibu swali hilo kwanza, kisha nitarudi barazani nikwambieni tulivyoamua.

Kwanza tukijue kitu chenyewe, maana mtu hapasi kuhukumu asilolijua. Tarehe 31 Oktoba 2008 ilitolewa katika intaneti karatasi yenye jina la Satoshi Nakamoto, na mpaka leo haijathibitika ni nani mwenye jina hilo. Karatasi ile ilieleza namna watu wawezavyo kulipana moja kwa moja bila ya benki kuingia kati. Badala ya daftari moja lililofungiwa benki, liwepo daftari moja lililonakiliwa katika kompyuta nyingi duniani, kila mwenye kompyuta aweze kulisoma, wala asiweze mtu mmoja kulighushi. Tarehe 3 Januari 2009 daftari hilo likaanza kuandikwa. Kanuni yake ni kwamba Bitcoin hazitapita milioni 21 abadan. Na tarehe 22 Mei 2010, huko Florida katika Marekani, mtu mmoja alitoa Bitcoin 10,000 akapata pizza mbili.

Basi muradi wa mwanzo ulikuwa ni fedha ya kulipia chakula, si hazina ya kufungiwa sandukuni. Na tuseme haki: muradi huo haukuwa mbaya. Wengi wetu tuna ndugu Ughaibuni, na twajua uchungu wa kukatwa ada katika fedha ya jasho.

Wazee wengine husema, “Hiyo si fedha kwa sababu haishikiki mkononi.” Hoja hii haina nguvu. Tangu mwaka 2007, ilipoanza M-Pesa huko Kenya, watu wetu wamekuwa wakilipana fedha ambazo hawazishiki, wala hapana aliyesema kuwa si fedha. Noti nayo ni karatasi. Katika pwani yetu masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba. Huko Buganda watu walinunua ndizi na mbuzi kwa kauri, na kauri ni gamba la mdudu wa baharini. Imam Malik, Mungu amrehemu, aliwahi kusema kwamba lau watu wangaliifanya ngozi kuwa sarafu yao, yeye angalichukia kuuzwa ngozi hiyo kwa dhahabu na fedha kwa kuakhirisha, yaani angaliipa hukumu ya fedha. Na Ibn Taymiyya alieleza kuwa dirhamu na dinari hazina mpaka uliowekwa kwa maumbile yao, bali marejeo yake ni desturi ya watu. Kwa hivyo, hatusemi kuwa Bitcoin haiwezi kuwa fedha kwa kuwa ni mpya au kwa kuwa haionekani. Tunauliza: Je, yaifanya kazi ya fedha?

Na kazi ya fedha ni ipi? Imam Ghazali, katika Ihya, ameifananisha dinari na dirhamu na hakimu baina ya mali za watu, tena akazifananisha na kioo ambacho chenyewe hakina rangi lakini huonyesha rangi za vitu vyote. Tufikirini mfano huu. Kioo kikiwa na rangi yake mwenyewe, nguo nyeupe utaiona nyekundu. Na kioo kikitikisika, uso wako hutauona kabisa. Fedha ni kioo cha bei. Mchele, kibarua cha siku, kodi ya nyumba, karo ya mtoto, vyote tunavitazama humo, tukajua hiki ni zaidi ya kile. Kwa hivyo, alama ya fedha si kule kuweza kununulia tu. Hata kuku waweza kumbadilisha kwa unga, lakini kuku si fedha. Alama ya fedha ni kwamba bei huandikwa kwayo, mshahara huahidiwa kwayo, na deni hudaiwa kwayo, na mdai na mdaiwa wakalala usingizi.

Sasa tuitie Bitcoin katika mizani hiyo. Nchi moja imetujaribia jambo hili kwa umbo lake zima, nayo ni El Salvador, katika Amerika ya Kati. Nchi hiyo tangu mwaka 2001 hutumia dola ya Marekani, na watu wake wengi huishi kwa fedha wanazoletewa na jamaa zao walioko Marekani. Mwezi wa Juni 2021 bunge lake, kwa shauri la Rais Nayib Bukele, lilipitisha sheria ya kuifanya Bitcoin kuwa fedha halali pamoja na dola, na sheria ikaanza kazi tarehe 7 Septemba 2021. Mwenye duka alilazimishwa kuipokea. Serikali ikatoa programu ya simu iitwayo Chivo, na kila raia aliyejiandikisha alipewa zawadi ya Bitcoin za dola 30. Siku ile ile ya kwanza Bitcoin moja ilikuwa imepita dola 52,000, na kabla ya jua kuchwa ikawa imeshuka chini ya dola 44,000, kisha ikainuka kidogo. Mwenye kuuza asubuhi na asibadilishe mpaka jioni alipoteza faida yake na sehemu ya mtaji.

Bali yako maneno ndani ya sheria yenyewe ambayo yatosha kuwa dalili. Kifungu cha 6 kilisema kwamba katika hesabu za vitabu, kipimo kitakuwa ni dola. Angalia, msomaji! Hata walioitunga sheria, siku waliyoitangaza Bitcoin kuwa fedha, hawakuthubutu kuhesabu kwayo. Waliiruhusu ipite mkononi, lakini kioo kikabaki dola.

Na watu walifanyaje? Wanavyuoni watatu wa elimu ya uchumi, Fernando Alvarez, David Argente na Diana Van Patten, waliuliza katika nyumba 1,800 za nchi hiyo, na utafiti wao ukatolewa katika jarida la Science mwaka 2023. Waliona kwamba wengi katika waliochukua ile programu waliitumia mpaka zawadi ya dola 30 ikamalizika, kisha wakaiacha. Fedha walizoletewa watu kutoka ng'ambo mwaka 2023, zilizopita katika programu za namna hii zilikuwa yapata sehemu moja tu katika mia. Na Chuo Kikuu cha UCA cha nchi hiyo kilipowauliza watu khabari za mwaka 2024, zaidi ya tisa katika kila kumi walisema hawakuitumia Bitcoin kulipia kitu mwaka ule. Mwishowe, Desemba 2024, serikali ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa juu ya mkopo wa dola bilioni 1.4, na tarehe 29 Januari 2025 bunge likaibadili sheria: mwenye duka hakulazimishwa tena kuipokea. Jamhuri ya Afrika ya Kati nayo ilipitisha sheria mfano wa hiyo Aprili 2022, na mwaka uliofuata ikaivunja.

Kwa nini yakawa hivyo? Si kwa sababu watu wa El Salvador ni wajinga. Ni kwa sababu ni werevu. Muuza mikate hununua unga kwa dola na hulipa kodi ya banda kwa dola. Akipokea kitu ambacho kesho chaweza kupungua sehemu ya kumi, amechukua hatari ambayo faida ya mkate mmoja haiwezi kuibeba. Na yule mwenye Bitcoin anayetumaini kuwa itapanda, kwa nini ainunulie mkate? Kumbukeni mtu wa pizza mbili. Bitcoin zake 10,000, kwa bei ya Desemba 2024, zingalikuwa dola bilioni moja. Basi anayetumaini kupanda haitoi, na anayeogopa kushuka haipokei. Na kitu ambacho mwenye nacho hakitoi na asiye nacho hakipokei, kitaendaje sokoni?

Tena, daftari lenyewe ni zito. Ukurasa mmoja huongezwa kila baada ya dakika kumi hivi, na katika sekunde moja huandikwa malipo yapata saba tu kwa dunia nzima. Watu wakizidi, ada hupanda. Imejengwa juu yake njia nyingine ya wepesi, iitwayo Lightning, nayo yasaidia katika malipo madogo. Lakini wepesi wa kulipa hauondoi kutikisika kwa bei. Gari likienda mbio, mzigo ulio ndani haubadiliki.

Vijana watasema, “Mwalimu, ziko sarafu nyingine za kompyuta zilizofungwa na dola, moja kwa moja.” Ni kweli ziko, na watu huzitumia kupelekeana fedha. Lakini hilo latilia nguvu maneno yangu: walipotaka kitu cha kulipana, iliwabidi kurudi kwenye kipimo cha dola. Wala si kila kamba ni imara. Sarafu iliyoitwa TerraUSD, iliyoahidi kuwa dola moja daima, ilikatika Mei 2022, na waliokuwa wameweka humo akiba zao waliamka hawana kitu.

Basi jawabu langu ni hili. Bitcoin, kama tunavyoiona leo, si fedha ya kila siku. Ni mali ambayo watu huinunua kwa kutumaini itapanda. Serikali yetu ya Tanzania nayo imeichukua kwa njia hiyo: Benki Kuu ilitangaza Novemba 2019 kwamba fedha halali ni shilingi, na sheria ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya asilimia 3 juu ya malipo ya kuhamisha mali za kompyuta. Hutozwa kama mali.

Na je, mali hiyo yafaa kununuliwa? Hapa wakubwa wetu wamekhitalifiana, nami sitapanda mimbari isiyo yangu. Mufti wa Misri aliikataza, kwa sababu ya ujinga na hatari zilizomo. Baraza la Wanavyuoni wa Indonesia, Novemba 2021, lilisema ni haramu kuifanya fedha. Lakini baraza la sharia la mamlaka ya masoko ya mitaji ya Malaysia, mwaka 2020, liliruhusu kufanya biashara ya mali za kompyuta kwa masharti. Kijana, muulize mwanachuoni unayemwamini, wala usitafute fatwa kwa kuangalia ni ipi inayokupendeza.

Lakini jambo moja halina khitilafu. Mwenyezi Mungu ameikataza kamari na akaitaja pamoja na ulevi. Mfanya biashara hununua kitu akijua ni cha nini, ni nani atakihitaji, na kwa nini. Mcheza kamari hutazama namba tu. Ikipanda hucheka, ikishuka hulia, wala hajui sababu ya hili wala la lile. Mtu na ajitazame moyoni mwake usiku anapolitazama kioo cha simu yake mara ya ishirini, ajue yuko katika kundi gani.

Naomba nyumba zetu zishike mambo haya manne. Kwanza, fedha ya chakula, karo, dawa, safari ya Hija, au amana ya mayatima isitiwe humo kamwe. Pili, mtu asikopeshe wala asikope kwa sarafu hiyo. Na ikiwa imetumika kupelekea tu, iandikwe ni shilingi ngapi au dola ngapi zinazodaiwa. Tatu, mahari yatajwe kwa kitu ambacho bibi harusi ataijua thamani yake leo na kesho, khasa yale yanayoakhirishwa. Nne, anayewaambia kuwa atawapa faida maalumu kila mwezi bila ya hasara, huyo mkimbieni. Na hata duka kubwa si amana: FTX, lililokuwa mojawapo ya masoko makubwa ya sarafu hizi, lilifilisika Novemba 2022, ikabainika kuwa fedha za wateja zilitumiwa kinyume cha amana, na mwenyewe, Sam Bankman-Fried, akahukumiwa kifungo cha miaka 25 mwezi wa Machi 2024.

Sasa nirudi barazani. Niliwauliza Salim na Juma, “Mliandika?” Wakasema, “Hapana, sisi ni ndugu.” Nikawakumbusha kwamba aya iliyo ndefu kupita zote katika Kurani ni aya ya kuandika deni, wala haikuwatoa ndugu. Lau wangaliandika, kalamu ingalisimama mahali pamoja: ni kiasi gani? Ya nini? Na hapo wangalijua wanadaiana nini.

Hapo Mwanaidi, aliyekuwa ndani nyuma ya pazia pamoja na mke wangu, akaleta simu yake ya zamani. Ndani yake umo ujumbe wa kaka yake wa Novemba 2021, aliouleta kwa wote wawili. Nilimpa Salim mwenyewe ausome. Akasoma: “Shemeji, nimekutumia dola elfu mbili, ezekeni nyumba kabla mvua hazijazidi.” Neno Bitcoin halimo.

Nikamwuliza Juma, “Ulipopata ujumbe huu, ulijua unadaiwa nini?” Akainama, akasema, “Dola elfu mbili.” Nikamwuliza Salim, “Nawe ulijua umekopesha nini?” Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Maneno ni yangu, Mwalimu.” Basi ilikuwa imebainika. Waliyokopeshana yalikuwa ni dola. Bitcoin ilikuwa ni mashua tu ya kuvushia, na anayekopeshwa mchele haudaiwi mashua. Yule hana haki ya 3,300, na huyu hana njia ya kulipa 550. Tukaandika dola 2,000, kwa mafungu ya miezi kumi na miwili, mbele ya mashahidi wawili, na wote wakatia saini.

Walitoka pamoja. Magharibi ilipokaribia nilimwona Salim akivua viatu mlangoni kwa dada yake, chini ya bati ambazo aliziezeka yeye kwa fedha yake wala alikuwa hajapata kuziona.

Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali iliyo wazi, na atuepushe na mali itakayotutenga na jamaa zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.